Kimyani, Mji Usio na Mwizi

Ipo nchi iitwayo Jamhuri ya Heri. Mkiitafuta kwenye ramani hamtaiona, si kwa kuwa haipo, bali kwa kuwa Wizara yake ya Ramani iliamua kwamba nchi njema kupita kiasi ikionyeshwa ovyo, majirani watakufa kwa wivu. Basi nisikilizeni mimi tu. Habari hizi zimetoka kwa watu wa huko wenyewe, ambao hawana haja ya kutia chumvi, maana chakula chao kimekolea tayari.

Katika Makuu, mji mkuu wa nchi hiyo, aliishi mwalimu mstaafu wa jiografia aliyeitwa Bi Sikitu Mapande, pamoja na mumewe Ngwali, fundi cherehani. Walipanga vyumba viwili mtaa wa Kichochoroni. Serikali ilipopata habari kwamba wakazi wa mtaa huo wanalia ugumu wa maisha, ilishikwa na huruma, ikaubadilisha jina ukaitwa Mtaa wa Maisha Nafuu. Waziri alikuja kukata utepe, bendi ikapiga, na kabla ya jua kuzama mwenye nyumba akapandisha kodi. Alieleza kwamba hawezi kumweka mtu kwenye mtaa wenye jina zuri namna ile kwa bei ya uchochoro. Wapangaji walipeleka malalamiko wizarani, wakajibiwa kwa barua yenye muhuri kwamba mtaa wao ni nafuu kisheria, na yeyote anayeuona ghali akapimwe macho.

Hilo Bi Sikitu angelimeza. Lililomshinda ni wezi. Wezi wa Makuu walikuwa wachapakazi. Hawakungoja giza, waliingia mchana kweupe, saa za kazi, wengine wakiwa na vitambulisho shingoni. Siku moja walikivamia chumba cha cherehani, wakamsukuma Ngwali juu ya meza ya kupigia pasi, wakamvunja mbavu mbili, wakaondoka na majora ya vitambaa vya sare za harusi ya watu. Askari waliofika walikagua komeo lililovunjwa, wakamshauri Bi Sikitu kwamba siku nyingine auache mlango wazi, asije akaingia tena gharama ya fundi seremala.

Mbavu ziliunga baada ya miezi miwili. Kilichokataa kuunga ni moyo wa Ngwali. Mtu akipiga hodi, hata akiwa jirani aliyekuja kuomba chumvi, yeye alikamata mkasi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Mwanamume aliyekuwa akiimba huku akitunga uzi kwenye sindano sasa alikaa kimya kutwa nzima, mkasi mapajani, macho mlangoni. Mkewe alimtazama, akaona kwamba wakiendelea kukaa Makuu atamzika mtu ambaye bado anapumua.

Wiki hiyo hiyo ndipo Mheshimiwa Daktari Kongozi Mbarango, Waziri wa Makazi na Utulivu wa Nafsi, alipolihutubia taifa redioni.

"Wananchi wa Heri," alisema, "wataalamu wetu wamefanya utafiti kwa miaka minne, na wamegundua kwamba gharama za maisha si kubwa. Ninyi ndio mnaokaa karibu nazo mno. Sogeeni."

*

Ofisi za Mamlaka ya Miji Midogo, Nafuu na Salama zilikuwa katika jengo lenye kodi kubwa kuliko majengo yote ya Makuu. Bi Sikitu alipanda ngazi mpaka ghorofa ya kumi na moja, kwa sababu lifti ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mafaili. Akapewa kitabu cha rangi chenye orodha ya miji kumi bora, kila mji na picha yake. Katika kila picha alisimama Mheshimiwa Mbarango akitabasamu, na mji wenyewe ukichungulia nyuma ya bega lake la kushoto.

Afisa aliyemhudumia alikuwa kijana mwenye adabu, aliyeanza kwa shikamoo kabla ya kumwambia lolote la kumkatisha tamaa. Alimfahamisha kwamba kibali cha kuhama hupewa mtu aliyekwisha kuhama. Bi Sikitu akauliza hilo linakuwaje.

"Mama, serikali haiwezi kumruhusu mtu kufanya jambo ambalo haijaona kama analiweza," afisa alisema. "Wewe hama kwanza. Ukishafika huko, rudi hapa uombe ruhusa ya kwenda."

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Sikitu alikuwa ameinyooshea fimbo miji ile ubaoni na kuwakaririsha wanafunzi mazao yake, mvua zake na vimo vyake kutoka usawa wa bahari. Hakuwahi kukanyaga hata mmoja. Basi akafunga sanduku dogo, akamwacha Ngwali kwa dada yake, akaenda kuitazama kwa macho.

Alianza na Nafuuni, ulioshika nafasi ya tatu. Ulikuwa mji nafuu kweli kweli. Halmashauri yake ilikuwa imepiga marufuku kitu chochote kuuzwa zaidi ya bei ya mwaka aliooa mwenyekiti, naye mwenyekiti alikuwa na wajukuu. Kilo ya sukari iliandikwa bei ya pipi mbili. Upungufu pekee ni kwamba sukari haikuwepo. Maduka yalifunguliwa kila asubuhi kwa amri, wenye maduka wakasimama mbele ya rafu tupu zilizofutwa vumbi, na wateja wakaja kusoma bei, wakazisifu, wakarudi na vikapu vyao vitupu. Kodi ya nyumba nayo ilikuwa ndogo ajabu, ila paa lilikodishwa peke yake, na waliokuwa wakisubiri paa walikuwa wengi.

Akaenda Salama, mji wa pili. Huko hakukuta mwizi, wala mlevi, wala mbwa. Alizunguka mitaani saa nzima kabla ya kumwona mtu, naye alikuwa mlinzi aliyeketi kando ya bango la kuwakaribisha wageni. Mlinzi alimweleza kwamba wakazi wote waliondoka mwaka maji yalipokatika, na yeye ameajiriwa kulilinda bango. Bi Sikitu alimuuliza kama usalama upo.

"Upo," akasema mlinzi. "Ninayemwogopa hapa ni mimi mwenyewe, na huyo nimeshamzoea."

Kati ya mitatu ya juu ulibaki wa kwanza, Kimyani, na Bi Sikitu aliufikia akiwa amekwisha kukata tamaa. Ndiyo maana aliposhuka alisimama na sanduku lake mkononi asiamini. Palikuwa na vilima viwili vya kijani, barabara moja iliyofagiliwa, na mashamba ya ufuta yaliyochanua maua meupe mpaka nyuma ya nyumba za watu. Dukani mlikuwa na sukari. Watu walikuwepo. Alipata nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza pana, kwa kodi isiyofika nusu ya ile ya Makuu.

Kituo cha polisi kilipakwa chokaa, na dirishani yalipangwa Makombe ya Amani manane, moja kwa kila mwaka. Mkuu wa kituo, Inspekta Ndalu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimhakikishia kwamba katika miaka minane Kimyani haikuandikisha tukio hata moja la uhalifu. Alipolisema neno "haikuandikisha" alitazama pembeni kidogo, lakini Bi Sikitu alikuwa akiyatazama makombe.

*

Wakahamia. Majuma mawili ya kwanza Ngwali alilala ameegemea mlango. La tatu akahamia kitandani. Mwezi wa pili alilitoa cherehani lake barazani, akaanza kushona mashati ya wakulima wa ufuta, na mwezi wa nne Bi Sikitu, akiwa jikoni, alimsikia mumewe akiimba. Aliacha mchicha ukaungua, kwa kuogopa kwamba akisogeza sufuria sauti ile itakatika.

Jambo moja tu lilimshangaza. Jirani yake, Bi Mashavu, mjane aliyekuwa akikamua mafuta ya ufuta, alizifunga sufuria zake kwa mnyororo kwenye nguzo ya jiko. Mbuzi wake walilala chumbani. Nyumba ya tatu viti vilifungwa pamoja kwa waya kama wafungwa. Bi Sikitu alipouliza, Bi Mashavu alimjibu kwamba ni mila za huku.

Siku ya Amani ikafika. Kila mwaka siku hiyo mji mzima ulitakiwa uwanjani kupokea kombe, na kubaki nyumbani lilikuwa kosa. Kamati ya Amani, chini ya mwenyekiti wake Bwana Shaweji Kipanga, ilipita nyumba hadi nyumba na lori kubwa kuhakikisha hakuna aliyebaki. Watu walisimama juani kutoka saa mbili mpaka saa tisa. Mheshimiwa Mbarango alizungumza kwa saa tatu. Alisema amani ya Kimyani ni nzito kiasi kwamba ikiwekwa kwenye mzani mzani utavunjika, na kwamba mataifa makubwa yamekuwa yakipiga simu kuuliza siri yake, lakini yeye hapokei.

Bi Sikitu na Ngwali waliporudi walikuta mlango umefungwa vizuri, kama walivyouacha. Ndani hamkuwa na kitu. Godoro, sufuria, viti, vikombe, pazia, hata kanga zilizokuwa zimeanikwa uani, vyote vilikuwa vimekwenda. Pale barazani, palipokaa cherehani, zilibaki alama nne za miguu yake kwenye vumbi. Ngwali alizitazama. Akaingia chumbani, akajikunyata sakafuni, mgongo ukutani, na mikono yake ikawa inatafuta mkasi ambao nao haukuwepo.

Bi Mashavu alikuja na chungu cha uji na macho ya aibu. Alikiri kwa Bi Sikitu kwamba haikuwa mila. Kila Siku ya Amani lori la kamati hupita likiwa tupu na kurudi limejaa, na vitu huuzwa mji wa jirani, katika soko linaloitwa Vilivyopatikana.

"Kwa nini hukuniambia, shoga yangu?" Bi Sikitu alimuuliza.

"Ungehama," alisema Bi Mashavu. "Na wewe ndiye jirani wa kwanza niliyempata kwa miaka mitano."

*

Kesho yake asubuhi Bi Sikitu alikwenda kituoni. Inspekta Ndalu alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamweleza kwa upole kwamba cherehani lake halikuibwa. Limehama. Nchi nzima inahamasishwa kuhama, na vyombo navyo ni sehemu ya nchi.

Bi Sikitu alimtazama vile alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyechora mto ukipanda mlima. Hakupandisha sauti. Alimwomba amwonyeshe kitabu cha matukio.

Inspekta akainuka. Kisha akafungua kabati, akatoa kitabu kilichochakaa, akakiweka mezani kati yao. Kilikuwa kimejaa mpaka jalada la nyuma. Akasimulia jinsi kilivyojaa siku moja ya Jumanne, miaka tisa iliyopita, naye akaandika barua kuomba kingine. Hakujibiwa. Mwisho wa mwaka alituma taarifa kwamba matukio yaliyoandikwa ni sifuri, kwa maana hapakuwa na pa kuyaandikia. Badala ya kitabu likaja kombe.

"Nililishika mkononi nikasita, mwalimu," alisema. "Nilitaka kulirudisha. Lakini ndani ya kombe mlikuwa na barua ya kunipandisha cheo, na mimi nina watoto sita. Mwaka uliofuata nikaomba kitabu tena. Wakanijibu kwamba mji usio na uhalifu hauhitaji kitabu."

"Na wewe hujaibiwa?"

Inspekta akaangalia makombe, ambayo sasa yalikuwa tisa. "Baiskeli," alisema. "Mara tatu."

Bi Sikitu akaondoka bila kuaga. Alikwenda dukani, akanunua daftari kubwa la kaunta, akaazima rula kwa mwenye duka, akaketi pale pale juu ya gunia la chumvi na kulipiga daftari mistari kurasa hamsini, safu ya tarehe, safu ya kitu, safu ya aliyeibiwa, safu ya aliyeonekana. Akarudi kituoni, akaliweka mbele ya inspekta. Alimkumbusha kwamba sheria humtaka mkuu wa kituo aandike kitabuni, lakini haisemi kitabu kimenunuliwa na nani. Inspekta akasema kalamu ya kituo imekauka. Akapewa kalamu. Akasema hajui aanzie wapi.

"Anza na baiskeli yako," alisema Bi Sikitu.

Wanaosimulia habari hii wanasema inspekta alikaa na kalamu ile hewani muda wa kuchemka chai. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Kisha akaandika, mistari mitatu, baiskeli tatu, na kwenye safu ya aliyeonekana akaandika: lori la Kamati ya Amani. Alipomaliza alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Habari ilienea kabla wino haujakauka. Kufikia adhuhuri foleni ilitoka kituoni ikapita duka ikafika kwenye ufuta. Bi Mashavu alikuja na orodha ya miaka tisa aliyoikariri kichwani kama nasaba. Mtu mmoja alikuja kushtaki kuhusu mlango, na mwingine kuhusu nyumba ambayo mlango ule ungeingia. Mwalimu wa shule ya msingi aliandikisha kengele, bendera na mlingoti. Siku tatu inspekta aliandika, na Bi Sikitu aliketi kando akimnyooshea mistari, na waliposhikwa na njaa watu waliwaletea muhogo.

Siku ya tatu Bwana Kipanga alikuja mwenyewe, kavaa koti la kamati lenye njiwa kifuani. Alitangaza mbele ya foleni kwamba wote pale wana kosa la kuchafua takwimu za taifa, na kwamba kamati yake haiibi vitu vya watu, inavihifadhi. Inspekta Ndalu hakuinua kichwa. Aliandika tu, akiyatamka maneno taratibu jinsi alivyoyaandika: "Mwenyekiti amefika kwa hiari yake, akakiri kuhifadhi." Foleni ikacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha watu wasiozoea, lakini Bwana Kipanga alirudi nyuma hatua mbili, na wote waliona.

*

Taarifa ilipofika Makuu, Bunge liliahirisha mjadala wa posho, jambo lisilowahi kutokea hata wakati wa njaa. Kimyani ilikuwa imetoka matukio sifuri hadi elfu mbili mia moja na kumi na nne kwa siku tatu. Mheshimiwa Mbarango alisema wizi umelipuka kule ghafla kama kipindupindu, na kwamba chanzo chake kimekwisha kujulikana, nacho ni daftari. Kimyani ikafutwa kwenye orodha ya miji bora, ikawekwa ya mwisho kwenye orodha ya miji arobaini na mitatu, na barabarani likasimikwa bango jekundu la kuwaonya wasafiri.

Hapo ndipo mambo ya ajabu yalipoanza. Wakubwa wa Makuu walikuwa wamenunua viwanja Kimyani kimya kimya tangu kombe la kwanza, wakingoja bei ipande. Sasa waliviuza kwa pupa, na wenye nyumba wakashusha kodi wakiwabembeleza wapangaji wasikimbie. Kamati ya Amani ilivunjwa, si kwa wizi, bali kwa uzembe, maana ilishindwa kuwanyamazisha watu. Bwana Kipanga alipandishwa cheo, akapelekwa kusimamia amani ya Salama, kule kwa yule mlinzi, na lori akaondoka nalo. Inspekta Ndalu alivuliwa cheo akawa konstebo. Lakini kwa kuwa hakuna inspekta aliyekubali kuja kwenye mji wa hatari vile, aliendelea kukalia kiti kile kile.

Na lori lilipoondoka, wizi ukakoma. Wiki ya kwanza watu hawakuamini. Wiki ya sita Bi Mashavu alifungua mnyororo wa sufuria. Mwezi wa tatu vitu vilivyofichwa vilianza kutoka mafichoni, redio zikafukuliwa kwenye maghala ya ufuta, mitungi ikapandishwa kutoka visimani kwa kamba. Bwana mmoja alifukua cherehani la marehemu mama yake, lililolala miaka minane chini ya banda la kuku, akalibeba begani mpaka kwa Ngwali. Ngwali alikesha nalo siku tatu, akilisafisha kutu kwa mafuta ya Bi Mashavu, na watu waliokuja kuuliza hali yake walipopiga hodi, aliwaitikia "Karibu!" bila kusimama.

*

Mwaka ukapita. Siku moja ikaja barua kwamba mkaguzi wa Mamlaka yuko njiani kupima miji yote upya. Konstebo Ndalu alilibeba daftari hadi baraza la Bi Sikitu, na mji ukamfuata nyuma. Ndani yake, kwa mwaka mzima, mlikuwa na tukio moja tu, kuku wa Bi Mashavu aliyepotea asubuhi na kurudi jioni na vifaranga.

Kila mtu alielewa maana yake. Ukweli huo ukifika Makuu, Kimyani itarudi nafasi ya kwanza. Kombe litakuja, waziri atakuja, viwanja vitanunuliwa, kodi itapaa, na nyuma ya yote hayo litakuja lori. Walimwomba Bi Sikitu, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, aandike wizi.

Bi Sikitu alikataa. Aliwaambia kwamba kwa miaka thelathini na mmoja hakumpa alama mtoto aliyechora ziwa pasipo na ziwa, na kwamba daftari lile liliwaokoa kwa sababu lilisema kweli. Akilitia uongo, yeye na waziri watatofautiana nini?

Ndipo Ngwali, ambaye hakuwahi kufungua kinywa mbele ya watu zaidi ya wawili tangu mbavu zake zivunjwe, akaacha kushona.

"Mke wangu, ukweli hauna kosa," alisema. "Kosa ni la wanaousoma. Ukimwambia jirani njia ya nyumbani kwako, umemkaribisha. Ukimwambia mwizi, umefanya nini?"

Bi Sikitu alitazama mikono ya mumewe, iliyotulia juu ya kitambaa. Kisha akavuta daftari.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, maana watu walipogundua kwamba uhalifu ni wa kugawiwa, kila mmoja alitaka mkubwa. Mwenye duka alitaka avamiwe na watu kumi wenye bunduki. Bi Mashavu hakukubali kuibiwa chochote chenye thamani ndogo kuliko ng'ombe watatu, ingawa hakuwa na ng'ombe. Mkulima mmoja alijitolea kuuawa, mradi aruhusiwe kwenda mnadani Jumamosi. Bi Sikitu aliandika mpaka kidole kikafanya sugu, na kila mstari ulimuuma, lakini aliunyoosha.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Aliendesha gari la serikali mwenyewe, kwa kuwa dereva alikuwa amegoma kupita lile bango jekundu. Mtaa mzima ulifungwa milango kama watu walivyokubaliana, na Bi Sikitu peke yake alitoka kumlaki. Mkaguzi, mwanamume wa miaka thelathini na ushee, jina lake Chande, hakushuka. Aliteremsha kioo kiasi cha upana wa daftari, akalipokea, akalipitia kurasa, akatikisa kichwa. Akamuuliza maswali ya kwenye fomu. La mwisho lilimtaka ataje jambo moja jema la mji huu.

"Hakuna," alisema Bi Sikitu.

Chande akaandika. Kisha akafunga kalamu, lakini hakuwasha gari. Alikaa akitazama usukani. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya wizara. Alisema hili haliko kwenye fomu. Mke wake alipigwa na wezi mlangoni kwao Makuu, mbele ya mtoto, na tangu siku hiyo haogi mpaka mtu asimame nje ya bafu. Yeye amezunguka miji arobaini na miwili na fomu ile, na hauamini hata mmoja, kwa sababu anajua inavyojazwa.

"Mama, wewe umeishi sana," alisema. "Kuna mji wowote mdogo ambao mtu wa mshahara wangu anaweza kupanga, na mke wake akapata usingizi?"

Bi Sikitu aligeuka nyuma. Kwenye upenyo wa dirisha Bi Mashavu alikuwa akimtikisia kichwa kwa nguvu zote. Nyumba ya tatu mkono ulikuwa ukimpungia, usiseme, usiseme. Alimfikiria Bwana Kipanga na lori lake. Alijua neno moja tu linatosha kulirudisha. Akamtazama tena yule mtu ndani ya gari, akaona jinsi alivyoushika usukani, kama anayeogopa mtu atampora.

Aliinama mpaka mdomo ukakaribia kioo.

"Mlete wiki ijayo," alisema. "Mje kwa basi. Gari hilo liache huko huko."

Chande alimtazama. Akautazama mtaa uliofungwa, madirisha yenye macho, baraza lililofagiliwa. Taratibu sana akafungua kalamu, akairudia fomu, na kwenye nafasi ya maoni ya mkaguzi akaandika kwamba mji huu haufai kuishi binadamu. Akapiga mstari chini yake mara mbili. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama panaweza kupatikana vyumba viwili.